Barua kutoka Finney, Kansas: Huku Hata Magugu Yana Mkubwa Wake

Baba Mdogo, wazee wote mnaokaa barazani hapo Njingala, na ninyi vijana wa Bisie mtakaosomewa barua hii kwenye simu ya mwenzenu mwenye chaji:

Mimi ni mzima, ila viganja vinauma, maana kisu cha kiwanda cha nyama hakijui Jumapili. Maswali yenu nimeyapata. Mnataka kujua huku kwa Trump tunatawaliwa vipi, na Baba Mdogo ameongeza lake kwa herufi kubwa: CHIFU WENU NI NANI NA ANAKULA WAPI? Nitajibu kwa urefu. Mwezi huu sina pesa ya kutuma, na mtu asiye na pesa hutuma maneno.

Ninyi mkisikia Marekani mnaona maghorofa ya New York. Futeni hayo. Mimi niko kaunti ya Finney, kusini-magharibi mwa jimbo la Kansas, mji unaitwa Garden City. Nchi imelala tambarare hadi macho yanachoka, miti ni ya kuhesabu, na mtu aliyezaliwa kwenye msitu wa Walikale huko kwetu Kongo akisimama hapa anajiona yuko uchi. Ng'ombe wamewapita watu kwa wingi mara nyingi. Upepo ukigeuka, mji mzima unajaa harufu yao, na wenyeji wanavuta pumzi kwa raha wakisema hiyo ndiyo harufu ya pesa. Mimi nimebeba kasiterite, mawe ya bati, kutoka mgodi wa Bisie hadi hapo Njingala, kilo hamsini mgongoni, kilomita arobaini na zaidi za tope na mizizi. Najua pesa inanukaje. Hii ya hapa ni samadi.

Kaunti ni kama teritwari yetu, ila ndogo. Kansas peke yake ina kaunti 105. Finney ina kilomita za mraba kama 3,370. Walikale ina 23,475, kwa hiyo mngeweza kukata Finney sita na bado mkabaki na pori la kuwindia. Watu waliohesabiwa hapa mwaka 2020 ni 38,470.

Sasa chifu. Baba Mdogo, nimemtafuta, hayupo. Wala AT, msimamizi wa teritwari, hayupo. Hakuna mtu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na barua ya uteuzi mfukoni na godoro begani. Kuna makamishna watano, kila mmoja amechaguliwa na watu wa upande wake. Mweka hazina anachaguliwa. Karani wa kaunti anachaguliwa. Mwandishi wa hati za ardhi anachaguliwa, mwendesha mashtaka anachaguliwa, na sherifu, mwenye bastola, pingu na jela, naye anachaguliwa kila baada ya miaka minne. Hata mmoja hakutumwa kutoka Topeka, mji mkuu wa jimbo, sembuse Washington.

Huyo sherifu ndiye aliyenishinda kabisa. Mwaka wa uchaguzi ukifika anavaa kofia safi, anakwenda kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti, anasimama kati ya nguruwe wa mashindano na meza ya keki, anaomba kura kwa watu wale wale ambao vijana wake waliwaandikia faini ya mwendo kasi. Wazeni mkubwa yeyote wa polisi, kwenye soko lolote la kwetu, kofia mkononi, akiwabembeleza akina mama wauza sombe wamrudishe kazini. Mama Mkubwa angemsomea hesabu ya kuku wote walioporwa tangu mwaka 1998.

Na kampeni zenyewe hazina kitenge, hazina fulana, hazina chumvi wala bia. Mgombea mmoja alinipa kipiga inzi cha plastiki chenye jina lake. Nilikigeuza pande zote nikitafuta noti iliyobandikwa. Hamna. Lakini kwa mji wenye ng'ombe kiasi hiki, hiyo ni ahadi ya uchaguzi ya kwanza niliyoiona ikitimizwa siku ile ile. Mimi kura sina, uraia bado. Lakini kipiga inzi hakiulizi karatasi.

Ukitaka namba ya gari unakwenda kwa mweka hazina wa kaunti. Kansas imepanga mwezi wa kulipia magari kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo: wa A wana mwezi wao, wa B wao, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwetu sheria hiyo ingedumu wiki moja, kisha kila mwenye pikipiki angeitwa jina la ukoo wa mwezi ulio mbali. Mama wa dirishani alipokea pesa yangu, akanipa risiti na stika, akanitakia siku njema. Nikabaki nimesimama. Akauliza kama kuna jambo lingine. Nilikuwa nangoja sehemu ya pili ya mazungumzo, ile ya madesu ya watoto, yaani hongo, ile ambayo kwetu ndiyo ofisi yenyewe. Haikuja. Niliendesha hadi nyumbani nikitazama kioo cha nyuma.

Tena shikeni viti. Huku hata magugu yana mkubwa wake. Tangu 1937 Kansas ina sheria ya magugu mabaya, na kila kaunti lazima iwe na mtu wa kuyasimamia. Ana ofisi. Ana gari lenye pipa la dawa. Adui wake wa zamani ni mmea mmoja mdogo unaotambaa na kujizungusha kwenye ngano, wenye maua meupe ya kupendeza. Ukiuacha ustawi kwenye ardhi yako, unaonywa. Ukikaa kimya, kaunti inakuja kupulizia dawa yenyewe, na gharama unaikuta kwenye kodi yako ya ardhi. Kwetu majani yamefunika barabara ya serikali na serikali inapita juu yake kwa ndege. Huku serikali inapiga magoti kukagua ua.

Vikao vya makamishna viko wazi kwa kila mtu, basi nikaenda na mwenzangu wa zamu ya usiku, Msomali anayependa mabishano kuliko chakula. Tulijiandaa kwa mlinzi wa mlangoni, hakuwepo. Wakasali, wakaisalimu bendera, wakaanza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kalvati na kokoto. Mkulima mmoja mzee alisimama akawaambia wale watano kwamba greda la kaunti limepita mbele ya shamba la jirani yake mara nyingi kuliko mbele ya lake, na kwamba tarehe anazo. Akazisoma zote. Kamishna mmoja alikuwa anaandika. Hakuna aliyekamatwa. Nilimtazama Msomali, Msomali akanitazama. Ile njia yetu ya kwenda Lubutu imemeza malori mazima na sijasikia mkubwa aliyesomewa hata tarehe moja.

Najua mtu hapo barazani ameshasema: mwambieni kijana aache kejeli, sisi tuko vitani. Ni kweli. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, na hata kiti cha AT kimekaliwa na sare. Masisi hawakupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya waasi wa M23. Ninyi wa Walikale mlipiga, na Machi 2025 M23 hao hao wakaingia Walikale-centre. Hapo sicheki. Nilikaa usiku kucha nimeshika simu nikipiga namba za kila mmoja wenu.

Sasa nije kwenye vyama, maana ndilo swali ambalo vijana walilirudia. Huku vyama ni viwili kwenye karatasi na kimoja barabarani. Wazee wanakumbuka wakati wa Mobutu, kila Mzaire alikuwa mwanachama wa chama chake cha MPR tangu yuko tumboni mwa mama yake, apende asipende. Finney hakuna aliyetunga sheria ya namna hiyo, na bado ukipita mashambani unaweza kudhani ipo. Kansas haijampa mgombea urais wa Democratic ushindi tangu Lyndon Johnson mwaka 1964. Kwenye kaunti hii Trump alishinda kwa mbali 2020 na tena 2024. Wademocrat wapo. Nilionyeshwa mmoja kanisani, mwalimu mstaafu. Anatembea bila mlinzi na watu wanakula keki zake. Kwa viti vya kaunti, mapambano yenyewe ni mchujo wa Agosti, Republican kwa Republican. Novemba watu wanakwenda kuhakikisha tu.

Ukiwauliza wanataka nini, wanasema wanataka serikali iwaondokee. Mkulima mmoja, yule wa tarehe, ambaye sasa tumekuwa marafiki, alinieleza falsafa hiyo kwa ukali wote akiwa amesimama kwenye barabara ya kaunti, akingoja greda la kaunti, na mahindi yake yana bima ambayo Washington inamlipia sehemu. Nilimwuliza kuhusu hiyo bima. Akasema hiyo si serikali, hiyo ni kilimo.

Lakini msiwachukulie kuwa watu wa kuburuzwa. Gavana wa jimbo hili lenye chama kimoja barabarani ni mwanamke wa Democratic, Laura Kelly, walimchagua 2018 na kumrudisha 2022. Na Agosti 2022 walipoulizwa kama waondoe haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo, wakakataa, karibu sita katika kila kumi. Kwenye fulana ni Republican. Wakishafunga pazia la kupigia kura, kila mtu na lake.

Jambo ambalo halisemwi kwa sauti ni sisi. Kiwanda kikubwa cha nyama cha Holcomb, kijiji cha jirani, kilifunguliwa mwishoni mwa 1980, na tangu hapo dunia nzima imeingia Finney kupitia mlango wa nyama: Wavietnamu, Wameksiko, Wasomali, Waburma, na sasa mbeba gunia wa Bisie. Karibu nusu ya kaunti ni watu wenye asili ya nchi za Kispania. Wanaokata nyama wengi wetu hatupigi kura, kwa kuwa hatujapata uraia au watoto hawajakua. Wanaomiliki ardhi wanapiga wote, hata anayekwenda na mtungi wa oksijeni. Basi kura inasema wageni wamezidi, na asubuhi mwenye kura anatuuliza kama tuna ndugu anayetafuta kazi. Rafiki yangu mkulima anasema anaowachukia ni wale wageni wengine. Nimeshawauliza wageni wengine, nao wameambiwa vivyo hivyo.

Si mzaha wote. Oktoba 2016 walikamatwa wanaume watatu waliopanga kulipua nyumba za Wasomali hapa Garden City, pamoja na chumba chao cha kusalia, mara baada ya uchaguzi wa Novemba. Mahakama iliwapa miaka 25, 26 na 30. Msomali wangu hukaa mbali na dirisha hadi leo, na hilo hatubishani.

Ukichimba chini ya chama unakuta maji. Mvua hapa ni chache, wanavuta kutoka tabaka la mchanga na kokoto lenye maji chini ya ardhi linaloitwa Ogallala, wanamwagilia mahindi, mahindi yanalisha ng'ombe, ng'ombe wanatulisha sisi wenye visu. Maji hayo yanashuka mwaka hadi mwaka. Sheria ya jimbo ya 1945 inasema aliyetangulia kuomba ndiye anayetangulia kunywa, na karatasi ya maji inarithiwa na kuuzwa pamoja na ardhi. Mnaona inakokwenda? Bisie tulikuwa tunachimba tangu mwaka 2002 hivi, halafu 2006 kampuni ikapata kibali cha utafiti, karatasi kutoka Kinshasa, na kuanzia siku hiyo sisi tuliokuwa shimoni tukaitwa wavamizi. Huku wamegombana kwa karatasi kwa karne nzima na wanajua kwamba asiye na karatasi hana koo. Sisi tulidhani nyundo inatosha.

Wala wasiwadanganye, hawakuzaliwa na adabu hii ya kusali kwanza na kusoma tarehe. Miaka ya 1880 walikuwa wanapigania makao makuu ya kaunti kwa bunduki, kwa sababu mji uliopata ofisi ulipata maduka na bei ya viwanja, na uliokosa ulikufa. Majirani zetu wa mashariki, kaunti ya Gray, Januari 1889: mji wa Ingalls ulikodi watu wa bastola kutoka Dodge City waende Cimarron kuchukua vitabu vya kaunti kwa nguvu. Risasi zikalia, mtu akafa. Vitabu, Baba Mdogo! Si dhahabu, si koltani. Daftari za kodi.

Ninayoipenda zaidi ni ya Garfield. Hii ilikuwa kaunti kamili, ilizaliwa 1887 hapo kaskazini-mashariki mwetu. Ndani yake vijiji viwili, Ravanna na Eminence, kila kimoja kinataka kuwa makao makuu. Siku ya kura aliletwa Bat Masterson, yule wa hadithi za kauboi, pamoja na watu wake, eti kulinda amani. Mnajua amani inayolindwa namna hiyo. Ravanna wakatangazwa. Eminence wakaenda mahakamani kusema kura zimechezewa, na mwaka 1889 mahakama kuu ya jimbo ikawapa ushindi wao. Ravanna walikuwa wameshaanza kuringa na jengo lao la mawe. Wakakaa, wakafikiri, wakapata dawa: kama sisi hatupati, basi hata ninyi hampati. Wakadai kaunti ipimwe upya. Sheria ilitaka kaunti isipungue maili za mraba 432. Wapimaji wakaja na minyororo yao, wakapima, ikaonekana imepungua kidogo tu. Basi kaunti si kaunti. Mwaka 1893 ikafutwa, ardhi yote ikabandikwa kwa Finney, ndiyo maana ukiitazama Finney kwenye ramani ina kipande kimejitokeza upande wa kulia juu, na ofisi zikabaki Garden City, ambayo haikuwamo kwenye ugomvi huo. Leo Ravanna ni mabaki ya kuta na makaburi. Eminence hata hayo inabidi uyatafute.

Nilipoisikia hadithi hiyo nilicheka hadi wakanipa maji. Watu wa Ravanna nawajua. Wengine ni wa kwetu kabisa, sitawataja, wanaisikiliza barua hii. Tofauti ni kwamba Wazungu hawa, katikati ya wivu wote ule, walikubali kumngoja mtu mwenye mnyororo wa kupimia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, maana limenikaa rohoni tangu nilipoligundua.

Mnakumbuka ile tuliyoiita Sheria ya Obama. Obama aliitia saini tarehe 21 Julai 2010. Ni sheria nene ya mabenki, na ndani yake mna kifungu cha 1502 kinachozitaka kampuni za Marekani zenye hisa sokoni zitangaze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wanayotumia inatoka Kongo au kwa majirani zake. Sababu haikuwa ya uongo: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika mwaka 2008 jinsi brigade ya 85 ya jeshi ilivyojitoza ushuru juu ya mlima wa Bisie. Septemba 2010 rais wetu Kabila akafunga uchimbaji wa mikono Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Akafungua Machi 2011, lakini wanunuzi walikuwa wameshakimbia. Zile ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya lami pale Kilambo, watu wakisukuma mbuzi pembeni, zikakoma. Mbeba gunia akabaki na mgongo bila gunia. Barazani tukamlaumu Obama, mtoto wa Mluo, tukasema ametusaliti.

Tulimwonea. Kile kifungu kilianza mwaka 2009 kama mswada wa maseneta watatu, na aliyetangulia kuupeleka ni Sam Brownback. Republican. Wa Kansas. Seneta wa watu hawa hawa ninaokaa nao, wa kokoto na magugu! Wenzake walikuwa Dick Durbin wa Illinois na Russ Feingold wa Wisconsin. Na sikieni utamu wenyewe: ile sheria nene ilipopigiwa kura ya mwisho kwenye Seneti, ikapita 60 kwa 39, Brownback alikuwa kwenye wale 39. Feingold pia. Kifungu kilichofunga Bisie kilipita huku baba zake wawili kati ya watatu wamesema hapana, kwa mambo ya mabenki ambayo hayatuhusu.

Nikamwendea rafiki yangu mkulima. Nikamwuliza, Brownback unamkumbuka? Akatema mate. Anamkumbuka kama gavana: alipunguza kodi za mapato mwaka 2012 akiahidi neema, hazina ikakauka, shule zikalia, hadi mwaka 2017 wabunge wa chama chake mwenyewe wakaifuta sera yake na kuipita kura yake ya turufu. Nikamwambia kwamba kabla ya hapo, akiwa seneta wake, mtu huyo alinitoa kazini mimi, kwenye mlima ulio katikati ya msitu wa Kongo. Akafikiri kwa muda, akitazama mahindi. Akasema pole sana, mimi pia alinipandishia kodi ya dukani.

Hasira ilikwisha hapo. Mtu huyu alipiga kura kwa sababu ya bei ya ngano na jina la chama, kura yake ikapanda ndege, ikavuka bahari, ikatua Kilambo, ikafunga shimo la watu elfu kadhaa, na mwenyewe hana habari. Sisi tulio juu ya lile shimo hatujawahi kupiga kura iliyofika hata kwenye ofisi ya sekta. Si kwa mfano, ni kweli tupu: chini ya katiba ya 2006 sekta zinatakiwa kuwa na madiwani waliochaguliwa na wananchi, na uchaguzi huo haujafanyika Walikale hata mara moja. Tumempigia kura rais, tumempigia mbunge. Wa kalvati hatujampigia.

Na pesa sasa ipo. Bisie ya nyundo imekwisha; kampuni ya Alphamin wanazalisha kwa mashine tangu 2019, na mwaka 2024 walitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, kama asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Machi 2025 walisimama kwa sababu ya vita, Aprili wakaanza kurudi. Kanuni ya madini ya 2018 inasema mrabaha unagawanywa: nusu Kinshasa, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa sekta au utemi ambako mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na huo, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hiyo 15 si msaada, si zawadi ya mgombea, si kipiga inzi. Ni ya sekta kwa sheria, na kwa bati ya kiasi hicho si pesa ya sabuni.

Kwa hiyo Baba Mdogo, wewe unajua kusoma, una sauti, na huogopi mtu tangu nikujue. Acha kuniuliza chifu wa Finney anakula wapi. Andika barua, wapige saini wazee wote, na Mama Mkubwa awe wa kwanza. Nenda ofisi ya sekta, uliza mrabaha wa mwaka jana uliingia kwenye akaunti gani, nani aliutoa, na umejenga nini. Andika tarehe uliyokwenda na jina la aliyekupokea. Wakikujibu, nitumie picha ya karatasi. Wakikuambia urudi kesho, andika na hiyo tarehe, urudi kesho.

Wasalimieni watoto. Mwisho wa mwezi ujao, nikilipwa, nitatuma nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi.

Mwanenu,
wa kisu